Nani Alikuwa Mzushi?

Kiswahili kimelibebesha neno moja mizigo miwili. Mzushi ni mtu anayeshikilia imani iliyokataliwa na wenye mamlaka katika dini yake. Na mzushi, huyo huyo kwa herufi, ni mtu anayebuni jambo lisilokuwapo na kulieneza kama habari. Katika mazungumzo ya kila siku hatuchanganyikiwi, maana sentensi yenyewe hutuonyesha ni yupi anayezungumzwa. Katika historia ya Ulaya, hata hivyo, wazushi hawa wawili walikutana uso kwa uso mara nyingi mno, mmoja akiwa amefungwa minyororo na mwingine akiwa ameshika kalamu, na yaliyotufikia sisi kwa sehemu kubwa ni yale aliyoyaandika mwenye kalamu.

Nalisema hili kwa sababu hadithi ya vyama vya siri na imani zilizozimwa za Magharibi, kama inavyosimuliwa leo katika video za mtandaoni na katika vijitabu vinavyouzwa kwenye stendi za mabasi, ni hadithi ya mnyororo mmoja: Wakathari waliwarithisha Watemplari, Watemplari wakawarithisha Wafrimasoni, Wafrimasoni wakazaa Iluminati, na Iluminati ndio wanaoutawala ulimwengu. Kwa maoni yangu mnyororo huo haukuwapo kamwe, na pete zake ziliunganishwa na watu tunaowajua kwa majina, katika miaka tunayoijua. Walioteswa kwa ajili ya imani zao, kwa kawaida, hawakuwa chama. Walikuwa majirani, wajane, wafumaji na wachungaji wa kondoo. Nao walioanzisha vyama vya siri hawakuwa wateswa. Walikuwa watu wenye nafasi zao mjini, ambao siri kwao ilikuwa pambo.

Tuanzie Toulouse, kusini mwa Ufaransa, mwezi Mei 1245. Eneo la Languedoc lilikuwa limekwisha kupitiwa na Vita vya Msalaba vilivyotangazwa na Papa Innocent III mwaka 1208 dhidi ya wale wanaoitwa leo Wakathari, baada ya mjumbe wake Pierre de Castelnau kuuawa. Mji wa Béziers uliangamizwa tarehe 22 Julai 1209, na wajumbe wa Papa walimwandikia kwamba watu wapatao elfu ishirini waliuawa kwa upanga bila kuangaliwa cheo, umri wala jinsia. Ngome ya Montségur ilianguka Machi 1244, na watu zaidi ya mia mbili wakachomwa moto chini ya mlima kwa siku moja. (Magofu ambayo watalii hupanda kuyatazama hivi leo, wakiugusa ukuta kwa heshima, yalijengwa baada ya mauaji hayo.) Upanga ulipomaliza kazi yake ikaja kalamu. Watawa wawili wa Kidominiko, Bernard de Caux na Jean de Saint-Pierre, waliwaita wakazi wa vijiji vya Lauragais, wanaume kuanzia umri wa miaka 14 na wanawake kuanzia miaka 12, wafike kwenye kanisa la Saint-Sernin kuhojiwa; na hadi Agosti 1246, katika siku 201 za kazi, walikuwa wamewahoji watu zaidi ya 5,400.

Maswali yalikuwa machache na yalirudiwa kwa kila mtu. Uliwahi kumwona mzushi? Ulimsikia akihubiri? Ulimpa chakula? Ulimsujudia? Ulikuwapo mgonjwa alipowekewa mikono kabla ya kufa? Shahidi alijibu kwa Kioksitani, lugha ya kusini mwa Ufaransa, na karani akaandika kwa Kilatini, na katika safari hiyo fupi kutoka mdomoni hadi kwenye ngozi ya kuandikia mambo mengi yalibadilika sura. Katika vijiji vile ilikuwa desturi kumpigia magoti mzee mcha Mungu na kumwomba baraka, naye akajibu kwa dua. Wazee hao majirani zao waliwaita “watu wema”. Jina la Wakathari, ambalo leo limebandikwa kwenye mabango ya barabara za utalii, lilitoka vinywani mwa wapinzani. Desturi ile ya kupiga magoti karani aliiandika kwa neno moja: kuabudu. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuupima uzito wa badiliko hilo kwa urahisi. Mfikirie hakimu mgeni anayefika mjini kwetu, akasikia watoto wakisema shikamoo, akauliza asili ya neno, akaambiwa kwamba ni kushika miguu. Kisha jioni akaandika katika daftari lake kwamba watu wa nchi hii wana kikundi cha wazee wanaoabudiwa miguuni, na kesho yake akaanza kumuuliza kila apitaye: umemshika nani miguu, lini, na mbele ya mashahidi gani?

Wanahistoria wa siku hizi wanabishana vikali juu ya jambo hili. Wapo wanaodai kwamba kanisa la Kikathari, lenye maaskofu wake na mafundisho yake ya miungu wawili, mmoja mwema na mwingine muumba wa ulimwengu huu mwovu, ni kitu kilichobuniwa na wahoji. Wengine huwajibu kwa kuonyesha hati chache za wahusika wenyewe zilizosalia, zikiwamo kitabu cha ibada kilichohifadhiwa Lyon na kitabu cha hoja za kanuni mbili kilichopatikana Florence. Mimi naona hati hizo hazikanushiki: mafundisho yale yalikuwapo, na yalikuwa mbali kweli na mafundisho ya Roma. Lakini kuwapo kwa mafundisho ni jambo moja, na kuwapo kwa jeshi la siri lenye safu zilizopangwa ni jambo jingine, na hilo la pili linaonekana zaidi katika maswali kuliko katika majibu.

Rejista iliyo tajiri kuliko zote ni ya Jacques Fournier, askofu wa Pamiers, aliyeendesha mahojiano yake kati ya 1318 na 1325, na ambaye mwaka 1334 alikuja kuwa Papa Benedict XII. Kesi 98, mahojiano 578, siku 370 za vikao. Fournier alikuwa mtu wa kutisha na, wakati huohuo, msikilizaji mwenye subira isiyo ya kawaida. Aliwaacha watu waseme mpaka wamalize, na kwa hiyo kijiji cha milimani cha Montaillou kimetufikia kikiwa hai. Yumo padri Pierre Clergue, aliyekuwa mfuasi wa watu wema na papo hapo akilitumia Baraza la Kuhukumu Wazushi kuwakomoa mahasimu wake wa kijijini. Yumo mchungaji Pierre Maury, aliyewapenda rafiki zake kuliko alivyoipenda hoja yoyote ya dini. Yumo mjane wa tabaka la juu, Béatrice de Planissoles, aliyekutwa na vitovu vikavu vya wajukuu wake wawili wa kiume katika mkoba wake. Alipoulizwa ni vya nini, alieleza kwamba mwanamke mmoja alimwambia kuwa mwenye navyo hashindwi kesi mahakamani. Na yumo Guillaume Bélibaste, mtu mwema wa mwisho anayejulikana, aliyefundisha useja huku akiishi na mwanamke, na ambaye mwanamke huyo aliposhika mimba alimwoza haraka kwa Pierre Maury, akaivunja ndoa ile baada ya siku chache ili mtoto apate baba wa kutajwa. Bélibaste alisalitiwa na jasusi Arnaud Sicre, kijana aliyetaka kurudishiwa mali ya mama yake iliyotaifishwa kwa sababu ya uzushi, na akachomwa moto Villerouge-Termenès mwaka 1321.

Nimesoma habari za watu hawa zaidi ya mara moja, na sijaona chama humo. Naona imani iliyokuwa ikihubiriwa usiku jikoni karibu na moto, ikichanganyika na misa ya Jumapili, na hirizi, na madeni, na mapenzi, na ugomvi wa mipaka. Siri yao ilikuwa ileile anayokuwa nayo mtu yeyote mwenye jambo ambalo likijulikana atapoteza nyumba: siri ya hofu, isiyo na sherehe wala ngazi za kupanda.

Kesi ya Watemplari ni tofauti, maana wao walikuwa shirika kweli, tena tajiri. Walianza Yerusalemu karibu mwaka 1119 wakiwa watawa wapiganaji, wakakubaliwa rasmi na Kanisa katika mtaguso wa Troyes mwaka 1129, na kwa karibu karne mbili walikuwa mabenki wa wafalme. Hakuna aliyewadhania kuwa wazushi mpaka mfalme mmoja alipohitaji fedha. Philippe IV wa Ufaransa alikuwa amekwisha kuwafukuza Wayahudi na kutwaa mali zao mwaka 1306, na katika mwaka huohuo ghasia za thamani ya sarafu zilimfanya akimbilie usalama ndani ya ngome ya hao hao Watemplari mjini Paris. Alfajiri ya Ijumaa tarehe 13 Oktoba 1307 aliwakamata wote nchini mwake kwa pamoja, kwa hati zilizoandikwa mwezi mmoja kabla na kutunzwa zikiwa zimefungwa kwa lakiri.

Mashitaka yalisema kwamba katika sherehe ya kumpokea ndugu mpya, iliyofanywa kwa milango iliyofungwa kama kanuni yao ilivyotaka, walimkana Kristo, walitemea mate msalaba, walipeana mabusu ya aibu, na waliabudu kichwa fulani. Kichwa hicho, kwa mujibu wa orodha ya mashitaka, kiliwapa utajiri, kiliifanya miti ichanue na ardhi ioteshe. Paris walihojiwa ndugu 138, na wote isipokuwa wanne walikiri jambo moja au jingine. Idadi hiyo hutajwa na wapenda siri kama ushahidi usiopingika. Wanaacha kutaja kwamba padri mmoja wa shirika hilo, Bernard de Vado, baadaye aliwaonyesha makamishna wa Papa vipande vya mifupa vilivyodondoka kutoka visigino vyake baada ya miguu yake kuchomwa. Wala hawamtaji Aimery de Villiers-le-Duc, ambaye mwezi Mei 1310, siku moja baada ya wenzake 54 kuchomwa moto nje ya Paris kwa kukana walichokiri, aliwaambia makamishna kwamba kwa hofu ya moto angekiri hata kuwa ndiye aliyemuua Bwana, kama wangemwomba akiri hivyo. Huko Kupro, ambako mfalme wa Ufaransa hakuwa na mkono, ndugu 76 walihojiwa na wote wakakana.

Papa Clement V alilivunja shirika tarehe 22 Machi 1312 kwa amri ya kiutawala, bila kulihukumu kuwa na hatia. Mali nyingi ikaenda kwa Wahospitali, shirika jingine la watawa wapiganaji. Ndugu wengi waliobaki walizeekea katika nyumba za watawa. Na Ureno iliwabadilishia jina tu mwaka 1319, wakawa Shirika la Kristo. Anayetaka kujua Watemplari walipotelea wapi hahitaji ramani ya hazina. Msalaba wa shirika hilo la Ureno ulikuwamo katika bendera aliyokabidhiwa Vasco da Gama na Mfalme Manuel, na kwa njia hiyo ya mzunguko warithi halali wa Watemplari walitia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498, mchana kweupe, wakitafuta rubani na pilipili.

Hapa lazima niikubali hoja moja inayonipinga. Wawaldensi, wafuasi wa Valdes, mfanyabiashara wa Lyon aliyegawa mali yake kwa maskini katika miaka ya 1170, walikuwa na kitu kinachokaribia mtandao wa siri. Kosa lao la kwanza lilikuwa kuhubiri bila ruhusa na kutaka Maandiko yasomwe kwa lugha ya watu, na walilaaniwa mwaka 1184. Baada ya hapo waliishi mafichoni kwa zaidi ya miaka mia tatu, wakihudumiwa na wahubiri waliotembea wawili wawili, mmoja mzee na mmoja kijana, mara nyingi kwa sura ya wachuuzi. Waliwaita barba, neno ambalo katika lahaja za milima ya Alpi, walikojificha, ni ami au mjomba. Mgeni aliyeingia nyumbani usiku, watoto wakaambiwa ni mjomba: mbinu hiyo ilikuwa ya kupangwa, nakiri. Hata hivyo, tazama walichokifanya walipopata nafasi ya kutoka. Mwaka 1532, huko Chanforan, walikubali kujiunga na Matengenezo ya Kiprotestanti na kuhubiri hadharani, ingawa walijua gharama yake, nayo wakailipa katika mauaji ya Piemonte, kaskazini mwa Italia, ya mwaka 1655. Tarehe 17 Februari 1848 walipewa haki za uraia, na mpaka leo huwasha mioto milimani kila mkesha wa siku hiyo. Tarehe 22 Juni 2015 Papa Francis aliingia katika hekalu lao mjini Turin na kuwaomba msamaha. Walijificha kwa sababu walifukuzwa, na walipoachwa walitoka, hata mioto yao ikaonekana kutoka bondeni.

Lakini mfano ambao msomaji wa pwani yetu atauelewa upesi kuliko mwingine wowote ni wa Wamorisko wa Uhispania, yaani Waislamu waliolazimishwa kubatizwa na wazao wao. Mkataba wa kuukabidhi mji wa Granada, uliotiwa saini Novemba 1491, uliwahakikishia Waislamu dini yao, misikiti yao na makadhi wao. Miaka minane haikupita kabla askofu mkuu Cisneros hajafika, akaanza kubatiza kwa wingi na kuchoma vitabu vya Kiarabu. Mwanzoni mwa karne iliyofuata Waislamu wa Castilla walitakiwa wachague ubatizo au kuhama, na wale wa Valencia na Aragon walifikiwa na amri kama hiyo mwaka 1525 na 1526. Mwaka 1504 mufti mmoja wa Maghreb, Ahmad bin Abi Juma, aliyejulikana kwa nisba ya Oran, aliwaandikia barua ya fatwa akiwaita “wageni”. Kama huwezi kusali, aliwaambia, sali hata kwa ishara. Kama wamekuzuia mchana, lipa usiku. Kama huwezi kutawadha, jitose baharini au papasa ukuta. Wakikulazimisha kumtukana Mtume, litamke jina kwa namna ambayo wewe mwenyewe unajua humaanishi yeye. Msomaji wa Unguja aliyelelewa katika Uibadhi analifahamu neno kitmani, hali ya dini inapoishi kwa kufichwa, na hatahitaji maelezo zaidi.

Baraza la Kuhukumu Wazushi lilijibu kwa kuorodhesha dalili, na waumini wakatakiwa wawaripoti jirani zao: anayeoga sana, anayevaa shati safi Ijumaa, asiyegusa nguruwe wala divai, anayekula ameketi chini, anayejipaka hina. Mwaka 1567 Mfalme Felipe II alitangaza amri iliyokataza Kiarabu, mavazi na mabafu, na kuwapa watu wa Granada miaka mitatu wajifunze Kikastilia. Mzee mmoja wa mji huo, Francisco Núñez Muley, aliyetoka ukoo wa heshima na ambaye mwenyewe alikuwa Mkristo, aliandika utetezi ambao naona ni miongoni mwa maandishi yenye akili kuliko yote ya karne ile. Aliuliza: hina ina dini gani? Bafu lina imani gani? Wakristo wa Malta wanasema Kiarabu, mbona hakuna anayewaita Waislamu? Mzee huyu aliona wazi jambo ambalo Baraza halikutaka kuliona, yaani kwamba kila desturi ikigeuzwa dalili, basi watu wote wanageuka chama cha siri bila wao wenyewe kujua. Hakusikilizwa. Uasi wa milima ya Alpujarras ulizuka mkesha wa Krismasi 1568, na kati ya 1609 na 1614 Wamorisko wapatao laki tatu walifukuzwa nchini. Ni kweli kwamba wapo miongoni mwao waliotafuta msaada wa Waturuki na wa Waislamu wa ng'ambo. Ingeshangaza kama wasingetafuta. Lakini aliyepakiwa merikebuni pamoja na mama yake na kuku wake hakuwa mwanachama wa kitu chochote.

Sasa tuwageukie wenye siri ya hiari. Mwaka 1614 huko Kassel, Ujerumani, kulichapishwa kijitabu kisicho na jina la mwandishi, kilichotangaza kuwapo kwa udugu wa siri wa Waridi na Msalaba, ulioanzishwa na mtu aitwaye Christian Rosenkreuz, ambaye kaburi lake lilifunguliwa baada ya miaka 120. Wasomi wa Ulaya nzima walichapisha barua za wazi wakiomba kujiunga, na hakuna aliyejibiwa. Johann Valentin Andreae, mchungaji wa Kilutheri aliyekiri kuandika kijitabu cha tatu katika mfululizo ule, alikiita mchezo tu. Karne moja na nusu baadaye kulikuwa na vyama halisi vilivyojiita kwa jina hilo, na Friedrich Wilhelm II, mfalme wa Prussia, alikuwa mwanachama wa kimojawapo. Mzaha ulikuwa umezaa shirika.

Frimasoni nao walitokana na vyama vya mafundi waashi, na kufikia mwaka 1723 walikuwa na katiba iliyochapishwa London na kuuzwa dukani, iliyoandikwa na James Anderson, mchungaji wa Kipresbiteri kutoka Scotland. Siri zao za kupokelewa zilichapishwa gazetini na katika vitabu tangu 1730, na hilo halikuwapunguzia wanachama hata kidogo. Kilichowasumbua ni asili: waungwana hawakupendezwa na babu aliyekuwa mwashi. Katika miaka ya 1750 baroni wa Kijerumani Karl Gotthelf von Hund aliwapa babu bora zaidi, akidai kwamba Watemplari waliosalia waliendelea kwa siri ndani ya loji, yaani vikundi vya Wafrimasoni. Madai hayo yaliwateka hata wana wa wafalme. Kisha mwaka 1782, huko Wilhelmsbad, wajumbe walikutana kwa wiki kadhaa kuupima ushahidi, na wakaamua kwamba hawakuwa warithi wa Watemplari. Uamuzi huo, uliotolewa na Wafrimasoni wenyewe zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, ndio habari ambayo video za mtandaoni hazijaifikia.

Iluminati ni hadithi fupi zaidi. Adam Weishaupt, profesa wa sheria za kanisa huko Ingolstadt, aliuanzisha umoja huo tarehe 1 Mei 1776 akiwa na wanafunzi wanne, akitaka kuwaokoa vijana na mafundisho ya Wajesuiti, shirika la watawa Wakatoliki, kwa kutumia nidhamu aliyoikopa kwa Wajesuiti. Serikali ya Bavaria iliupiga marufuku mwaka 1784 na 1785, ikazikamata karatasi zao, na mwaka 1787 ikazichapisha ili kila mtu azisome. Ulikuwa umedumu chini ya miaka kumi.

Aliyeshona vipande hivi vyote kuwa vazi moja ni Augustin Barruel, padri Mjesuiti aliyekimbilia London kutoka Ufaransa ya mapinduzi. Katika kitabu chake kikubwa kilichoanza kutoka mwaka 1797 alieleza kwamba mapinduzi yale hayakusababishwa na njaa, madeni wala udhalimu wa wafalme. Yalikuwa tunda la njama moja iliyoanzia kwa Mani, mwanzilishi wa dini huko Uajemi katika karne ya 3, ikapita kwa wazushi wa Languedoc, kwa Watemplari, kwa Wafrimasoni na kwa Iluminati hadi kwa Wajakobini, wanamapinduzi wakali wa Ufaransa. Mnyororo wenyewe ndio huo. Uliundwa na mtu aliyepoteza nchi yake na aliyehitaji sababu moja kubwa ya maumivu yake, na namwonea huruma. Tena shirika lake mwenyewe lilikuwa limevunjwa na Papa mwaka 1773 baada ya kusemwa kwamba ni chama cha siri kinachopindua serikali. Mwaka 1806 alipokea barua iliyomshauri aongeze Wayahudi katika mnyororo, na wengine baadaye waliufuata ushauri huo. “Itifaki” zilizodai kufichua njama ya Wayahudi ya kuutawala ulimwengu, zilizochapishwa Urusi mwaka 1903, zilionyeshwa na gazeti la The Times mwaka 1921 kuwa zimenakiliwa kutoka kijitabu cha Kifaransa cha 1864 kilichomhusu Napoleon III na hakikuwataja Wayahudi. Waliosoma kanusho hilo walikuwa wachache kuliko waliosoma uzushi wenyewe, na matokeo yake yanajulikana.

Mnyororo wa Barruel umetufikia na sisi. Dar es Salaam na Nairobi, mtu akitajirika ghafla, neno “Frimasoni” hutajwa pamoja na kafara na ndagu kana kwamba ni kitu kimoja. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini Kenya, na ripoti yake ikafikishwa bungeni mwaka 1999. Tanzania, Sir Andy Chande, mfanyabiashara aliyewaongoza Wafrimasoni wa Afrika Mashariki na aliyefariki mwaka 2017, alizungumza na waandishi wa habari juu ya chama chake bila kificho, na maelezo yake hayakupunguza uvumi. Aliyeambiwa kwamba hakuna siri husema hiyo ndiyo siri yenyewe. Kinachonivutia ni jinsi mashitaka yanavyofanana. Kichwa kinacholeta mali na kuchanuza miti, alichokitaja karani wa Philippe IV, ni ndugu wa damu wa chatu anayetapika fedha wa mitaani kwetu. Katika sehemu zote mbili, swali ambalo haliulizwi ni lile la kawaida kabisa: mali hii imetoka wapi, na anayeshitaki anataka kupata nini?

Mwaka 1884 Papa Leo XIII alitoa waraka mkali dhidi ya Frimasoni. Mwaka uliofuata mwandishi wa Kifaransa Léo Taxil alijitangaza kuwa ameokoka, akaanza kuchapisha vitabu juu ya ibada za shetani katika loji, na mwaka 1887 akapokelewa na Papa mwenyewe. Vitabu viliuzwa kwa miaka kumi na miwili, mpaka tarehe 19 Aprili 1897 aliposimama mbele ya umati Paris na kutangaza kwamba yote alikuwa ameyatunga.

Katika mwaka uleule wa waraka, 1884, mafundi waliokuwa wakibomoa nyumba kuukuu huko Almonacid de la Sierra, Aragon, waliondoa sakafu ya mbao wakakuta sakafu nyingine chini yake, na katikati kulikuwa na vitabu vilivyofichwa na Wamorisko tangu kabla ya kufukuzwa. Vingi viliandikwa kwa Kihispania lakini kwa herufi za Kiarabu, kama tenzi za Lamu na Pate zilivyoandikwa kwa Kiswahili. Mafundi hawakuona thamani yake, na watoto wa kijiji walizichoma kurasa kadhaa kwa kucheza kabla mtu anayeweza kuzisoma hajafika. Vilivyookolewa vipo Madrid. Ndani yake kuna dua za kila siku, visa vya manabii, hirizi za homa, na maelezo ya jinsi ya kumwosha maiti.